Askari na Amri ya Mkubwa Wake

Somo kwa walimu, wazee wa kanisa, na wote walio na watoto katika kazi ya uaskari

Kwanza someni: Luka 3:10–14, 1 Samweli 22:6–23, 2 Samweli 11, Matendo 5:29.



Katika somo hili twataka kutafakari jambo lililo zito, nalo ni hili: askari akiamriwa na mkubwa wake kutenda neno ovu, hatia ni ya nani? Tena yeye aliyepewa watu chini yake, yampasa kuyatumia mamlaka yake kwa namna gani? Labda wako watakaosema, "Hayo ni mambo ya kambini, si ya kanisani." Walakini watoto wetu wengi wamo katika majeshi, na wengine wanajiweka tayari kuingia. Sisi ndio tuliowabatiza na kuwafundisha kipaimara, nao wakipatwa na mashaka huja kutuuliza sisi. Basi yatupasa kuwa na jibu, wala lisiwe jibu la haraka. Sisi wenyewe tulipata kujibu kwa haraka, na tutawaeleza lililotokea.

1. Swali lililotujia jioni

Miaka kadha wa kadha imepita tangu kijana mmoja wa usharika wetu alipokuja nyumbani kwetu jioni. Alikuwa askari, amepewa likizo. Jina lake hatulitaji, wala kambi yake, wala jeshi alilolitumikia, kwa kuwa hayo hayatatuongezea mafundisho. Tulikuwa tumekwisha kushika kofia na fimbo, kwani tuliitwa kwenye msiba ng'ambo ya mto. Kijana akasimama mlangoni, akatupasha habari yake.

Alikuwa na mwandiko mzuri, kwa hiyo aliwekwa kuandika daftari la ghala la chakula. Kila mwezi yaliletwa magunia 34 ya unga, lakini mkubwa wake alimwamuru kuandika 40, kisha kutia sahihi yake. Magunia sita yalilipiwa, ila hayakuonekana kamwe, na fedha yake ilikwenda asikojua. Askari wa chini wakapimiwa unga pungufu, hata siku za mwisho wa mwezi wakalala na njaa. Akatuuliza, "Baba, nikiandika hivyo, dhambi ni yangu au ni yake?"

Tukamjibu tungali tumesimama. Tukamkumbusha Warumi 13, ya kwamba yatupasa kuwatii wenye mamlaka. Tukamwambia, "Mwanangu, wewe u mtu wa chini. Tii tu. Mungu atamwuliza yeye aliyekuamuru." Akatushukuru, akaenda zake, nasi tukaenda msibani.

Baada ya miaka miwili akarudi, lakini safari hii si kwa likizo. Palikuwa pamefanywa maulizo juu ya ghala lile, na mkubwa wake akakana kila neno. Akalifunua daftari mbele ya wote, akauliza, "Mwandiko huu ni wa nani?" Kijana akafungwa, kisha akaondolewa katika kazi. Hakuja kwetu kutulaumu. Aliketi, akanyamaza kitambo kirefu, halafu akasema, "Baba, ulisema Mungu atamwuliza yeye. Lakini mimi aliniuliza kila usiku, tangu mwezi wa kwanza."

Ndugu, neno lile halijatutoka moyoni hata leo. Ndilo lililoturudisha katika Maandiko kutafuta upya jibu ambalo tungalipaswa kumpa jioni ile. Tuliyoyaona ndiyo tunayowaletea.

2. Je, uaskari wenyewe ni dhambi?

Hapana. Askari walipomwendea Yohana Mbatizaji kule Yordani na kumwuliza yawapasayo, hakuwaambia watupe silaha zao na kurudi kwao. Aliwapa maneno matatu: wasitumie nguvu zao kunyang'anya watu, wasimsingizie mtu kosa, tena wauone ujira wao kuwa wawatosha. Angalieni jinsi maneno hayo yanavyogusa mkono wa askari, na kinywa chake, na tumbo lake. Kadhalika Bwana wetu aliisifu imani ya yule akida wa Kapernaumu (Luka 7), naye Kornelio, mkuu wa askari, alibatizwa pamoja na watu wa nyumba yake (Matendo 10), wala hatusomi ya kwamba aliamriwa kuacha kazi yake.

Luther naye aliulizwa jambo hilihili. Shujaa mmoja wa vita, jina lake Assa von Kram, aliona shaka moyoni mwake kama mtu wa vita aweza kuwa katika hali ya wokovu. Luther hakumjibu mlangoni kama sisi. Aliandika kitabu kizima. Alimfundisha kupambanua kazi na mtu aifanyaye. Kazi ya kuwalinda watu kwa upanga yaweza kuwa halali, kama ilivyo halali kazi ya mganga akataye mkono uliooza ili mwili upone. Lakini mtu aifanyaye aweza kuifanya vibaya, kwa tamaa au kwa ukatili. Nalo Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika sharti lake la 16, lakubali ya kwamba Mkristo aweza kushika kazi ya serikali na kupigana katika vita vya haki. Lakini sharti lilo hilo halikomi hapo. Laongeza ya kwamba watu huwatii wakubwa wao isipokuwa wameamriwa kutenda dhambi, maana hapo yawapasa kumtii Mungu kuliko wanadamu. Sisi jioni ile tulimpa kijana nusu ya mafundisho ya kanisa letu, tukaiacha nusu ya pili.

Tena mtu asidhani ya kuwa mambo ya unga ni madogo, hata yasistahili kutajwa pamoja na mambo ya damu. Yohana aliyatanguliza, naye alijua sababu. Wazee wa Ugogo waliwasimulia wajukuu wao habari za njaa iitwayo Mtunya. Katika vita vya mwaka 1914 hata 1918 majeshi ya Wadachi na ya Waingereza yalitwaa ng'ombe wao na nafaka yao, pamoja na wanaume wenye nguvu wa kuchukua mizigo. Kisha mvua ikakosekana, na ghala zilikuwa tupu. Watu wengi sana walikufa, na waliokufa hivyo hawakupigwa risasi hata moja. Jeshi laweza kuua kwa kibaba kama liuavyo kwa bunduki.

3. Sauli na walinzi wake

Sasa tufungue 1 Samweli 22. Mfalme Sauli ameketi chini ya mti huko Gibea, mkuki wake mkononi, na watumishi wake wamesimama kumzunguka. Sikilizeni anavyoanza. Awauliza kama mwana wa Yese atawapa mashamba na mizabibu, na kuwafanya maakida. Kisha alalamika ya kwamba hapana amhurumiaye. Ndivyo afanyavyo kiongozi anayetaka kuwatia watu wake katika uovu. Kwanza huwakumbusha vinono walivyokula kwake, pili hujifanya yeye ndiye aliyeonewa, na tatu huwaonyesha adui.

Doegi Mwedomi akasema ya kwamba alimwona kuhani Ahimeleki akimpa Daudi chakula. Makuhani wote wa Nobu wakaitwa. Ahimeleki akajitetea vema, kwa kuwa hakujua neno lo lote la ugomvi ule. Lakini Sauli akawaamuru walinzi wake kuwaua. Hapo Biblia yatuambia jambo la ajabu: walinzi wale hawakukubali kunyosha mikono yao juu ya makuhani wa Bwana. Hawakumtukana mfalme, wala hawakumgeuzia mikuki. Walikataa tu. Walikuwa askari wa mfalme siku zote, lakini siku ile walijua mpaka wa utii wao.

Je, makuhani walipona? Hawakupona. Sauli alimgeukia Doegi, naye Doegi aliwaua watu 85 siku ile moja, kisha mji wa Nobu ukapigwa, wanaume kwa wanawake, hata watoto wanyonyao. Na wale walinzi je? Maandiko hayatuambii ya kwamba mmoja wao alisimama mbele ya Doegi. Mikono yao ilikuwa safi, twawasifu kwa hilo, maana walijitia katika hatari ya kuuawa. Lakini waliokuwa wakilindwa na mikono hiyo walikufa mbele ya macho yao. Shikeni neno hili, kwa kuwa tutalirudia: kuwa na mikono safi ni jambo jema, lakini kwa mtu mwenye silaha na mamlaka halitoshi.

Mwana mmoja tu wa Ahimeleki aliponyoka, jina lake Abiathari. Alipomfikia Daudi na kumweleza, Daudi hakumtupia Sauli hatia yote, wala Doegi. Alikiri ya kwamba siku ile alimwona Doegi pale, akajua atakwenda kusema, na kwa hiyo yeye Daudi ndiye sababu ya kufa kwao. Kisha akamwambia Abiathari akae kwake, naye atamlinda. Huyo hakuwa mfalme bado, lakini kwa neno hilo alikuwa amekwisha kumpita Sauli katika uongozi. Sauli alitafuta mtu wa kumtwisha hatia. Daudi aliitafuta sehemu yake mwenyewe, akaichukua.

4. Habari ya Son My, mwaka 1968

Pengine mtu atasema, "Hayo ni ya zamani za wafalme." Basi tuwaeleze habari ya siku zilizo karibu zaidi, ambayo imethibitishwa mbele ya mahakama na katika maulizo ya jeshi lenyewe.

Tarehe 16 Machi 1968, katika vita vya Vietnam, kikosi kimoja cha askari wa Marekani kilishushwa asubuhi karibu na kijiji cha Son My, jimbo la Quang Ngai, mahali ambapo Wamarekani walipaita My Lai. Mkuu wa kikosi alikuwa Kapteni Ernest Medina. Majuma yaliyotangulia askari wale walikuwa wamepoteza wenzao kwa mabomu yaliyofukiwa ardhini na kwa mitego, nao mioyo yao ilikuwa imejaa hofu na hasira. Walikuwa wameambiwa ya kwamba saa ile wanakijiji watakuwa wamekwenda sokoni, na watakaokutwa watakuwa adui. Walipoingia hawakumkuta adui wa kupigana nao. Waliwakuta wazee, wanawake na watoto, wengine wakipika chakula cha asubuhi. Wakawaua. Watu wengi walikusanywa kwenye mfereji, wakapigwa risasi humo kwa amri ya Luteni William Calley, naye mwenyewe akipiga. Jeshi la Marekani lilihesabu waliokufa kuwa 347; kwenye ukumbusho uliojengwa kijijini majina ni 504.

Wako askari wachache siku ile waliokataa kupiga. Hao walikuwa kama walinzi wa Sauli.

Lakini palikuwa na mtu mmoja zaidi. Juu ya kijiji ilikuwa ikiruka helikopta ndogo, nayo ilirushwa na Hugh Thompson, kijana wa miaka 24, pamoja na askari wawili, Glenn Andreotta na Lawrence Colburn. Thompson aliwaona wanakijiji waliojeruhiwa, akaangusha moshi wa rangi kuonyesha walipo, ili wapate kutibiwa. Aliporudi akawaona wamekwisha kuuawa. Akauona mfereji. Akateremka, akamwuliza Luteni Calley maana ya mambo yale, akajibiwa ya kuwa hayo si kazi yake. Akapaa tena. Ndipo alipowaona wanakijiji wapata kumi hivi wamekimbilia ndani ya handaki, na askari wa Marekani wanawakaribia.

Hapo Thompson aliishusha helikopta kati ya askari na wanakijiji. Akawaamuru wenzake wawili ya kwamba, askari wale wakianza kuwapiga wanakijiji, wao wawapige askari. Kisha akaenda kwa miguu hata kwenye handaki, akawaita watu watoke, akasimama nao mpaka helikopta nyingine kubwa zaidi, alizoziomba kwa redio, ziliposhuka na kuwachukua. Hapana risasi iliyopigwa kati ya Wamarekani na Wamarekani. Baadaye Andreotta aliingia katika mfereji kati ya maiti, akamtoa mtoto mmoja aliye hai, wakampeleka hospitali ya Quang Ngai. Thompson akaenda kwa wakubwa wake, akawaeleza yote kwa ukali, na amri ikatoka ya kuacha mauaji.

Yaliyofuata yatufundishe pia, tusidhani ya kwamba kutenda haki huleta sifa upesi. Taarifa ya kwanza ya jeshi ilisema ya kwamba wameuawa maadui 128. Kumbe uongo wa daftari haukai mbali na damu! Andreotta aliuawa vitani mwezi uliofuata. Habari yenyewe ilifichwa hata Novemba mwaka 1969, ilipotangazwa katika magazeti. Thompson alipotoa ushuhuda wake alichukiwa na wengi, akatishwa, akaitwa msaliti. Calley alijitetea ya kwamba alitii amri ya mkubwa wake, lakini baraza la kijeshi halikulikubali tetesi hilo. Mwaka 1971 alihukumiwa kifungo cha maisha, kisha kikapunguzwa, na mwaka 1974 akaachwa huru. Medina alishitakiwa, akaonekana hana hatia. Katika wote walioshitakiwa kwa habari ya siku ile, ni Calley peke yake aliyetiwa hatiani. Ilipita miaka 30 ndipo, mwaka 1998, Thompson na wenzake wawili walipopewa nishani, na ya Andreotta ikapokewa yeye akiwa amekwisha kufa.

Sasa linganisheni. Walinzi wa Sauli walikataa kuua. Thompson alikataa, tena akasimama katikati. Alikuwa na kitu walichokuwa nacho walinzi wale pia, yaani silaha, cheo kidogo, na watu wa kumtii. Naye akavitumia vyote kwa ajili ya wasio na silaha. Kiongozi mwema ndiye huyo: mtu anayeutia mwili wake na cheo chake kati ya mwenye nguvu na mnyonge.

5. Amri zipi zitiiwe?

Walimu, yatupasa kulieleza jambo hili kwa uangalifu, tusije tukawafundisha vijana uasi. Jeshi lisilo na utii ni kundi la wanyang'anyi wenye bunduki, nalo huwaumiza raia kuliko adui. Basi tupambanue mambo manne.

Kwanza, amri iliyo halali hutiiwa hata ikiwa ngumu. Kulala mvuani, kwenda mahali pa hatari, kuacha nyumba na watoto, hayo yote ni sehemu ya kazi. Askari Mkristo asitumie dhamiri kuficha uvivu au woga.

Pili, askari akiwa na shaka, na aulize kwa heshima. Na aombe amri irudiwe, ikiwezekana iandikwe. Amri nyingi mbovu hufa zinapotakiwa kuandikwa. Luther alifundisha ya kwamba mtu asiyejua kwa hakika kama bwana wake ana haki au hana, wala hawezi kupata kujua, aweza kumtii kwa dhamiri njema. Lakini neno hilo ni la mtu asiyeweza kujua, si la mtu aliyefumba macho makusudi.

Tatu, amri ikiwa ni uovu dhahiri, kama kumwua mfungwa, kumnajisi mwanamke, kumtesa mtu, kuwapiga risasi wasio na silaha, au kuandika uongo, asitii. Akatae bila matusi na bila ugomvi, tena awe tayari kupata hasara, maana aweza kuipata. Tusiwaahidi vijana ya kwamba Mungu atawaokoa na kifungo. Ahadi yetu ni ya kwamba hatawaacha humo.

Nne, mwenye mamlaka, hata kama ni juu ya watu watatu tu, asitosheke na kukataa. Na azuie.

Haya si mawazo ya wachungaji peke yao. Vita vikuu vya pili vilipokwisha, mataifa yaliyoshinda yalifanya mapatano London, tarehe 8 Agosti 1945, ya kuweka baraza la kuwahukumu wakubwa wa Ujerumani, lililoketi Nuremberg. Mapatano yale yalisema ya kuwa mtu akitenda uovu wa vita kwa kuamriwa, amri ile haimwondolei hatia, ingawa waamuzi waweza kumpunguzia adhabu. Nasi Walutheri twalitaja jambo hili kwa huzuni. Nchi ile ndiyo nchi ya Luther. Mwaka 1934 askari wake waliapishwa kumtii Hitler kwa jina lake, na wengi wao walikuwa wamebatizwa na kufundishwa Katekisimo ileile tunayoifundisha sisi. Wengi walijua Warumi 13. Waliolikumbuka Matendo 5:29 kwa wakati wake walikuwa wachache.

6. Mzigo wa mkubwa

Tusidhani ya kuwa hatari hii ni ya watu wabaya tu kama Sauli. Daudi yuleyule aliyekiri mbele ya Abiathari, alipokuwa mfalme aliandika barua. Katika 2 Samweli 11 twasoma jinsi alivyomwamuru Yoabu kumweka Uria mahali pa vita vikali, kisha wamwache peke yake afe. Na mchukuzi wa barua ile alikuwa Uria mwenyewe! Aliibeba amri ya kufa kwake, wala hakuifungua, kwa sababu alimwamini mkubwa wake.

Wenye vyeo, isomeni habari hiyo polepole. Askari wa chini huenda aendako bila kujua yaliyomo katika barua. Amewakabidhi ninyi roho yake, na mkewe, na watoto wake. Tena angalieni mstari wa 17: Uria hakufa peke yake. Watumishi wengine wa Daudi walikufa pamoja naye, watu ambao Daudi hakuwa na neno nao, wala majina yao hayakuandikwa. Amri mbaya haiui mmoja aliyekusudiwa tu.

Na Yoabu? Alitii. Hakuuliza, hakuomba sababu, hakumtuma mjumbe kumwonya mfalme. Yoabu alikuwa jemadari hodari, mwenye kusikiwa na Daudi. Neno lake moja lingaliweza kuokoa watu kadha wa kadha, na kumwokoa mfalme na dhambi yake. Kwa hiyo twasema, utii wa namna ile haukuwa uaminifu. Aliyempenda Daudi kweli ni Nathani, aliyemwambia uso kwa uso ya kwamba yeye ndiye mtu yule.

Tena kazi ya mkubwa haianzi siku ya vita. Watu wa Son My hawakuuawa kwa sababu ya amri ya asubuhi ile tu. Waliuawa pia kwa sababu hasira ya askari iliachwa ikue majuma mazima, na kwa sababu maagizo yalisemwa kwa namna ambayo, baadaye, kila mmoja aliweza kuyaeleza apendavyo. Mkubwa mwema huwafundisha watu wake mapema wasiyoruhusiwa kuyatenda. Huwapa chakula chao kamili. Hukemea neno la dharau juu ya wenyeji lingali dogo. Husema amri zake wazi, naye huzikubali kuwa ni zake zikiulizwa. Mti hukunjwa ungali mbichi.

7. Yatupasayo katika sharika zetu

Kijana anapoagana nasi kwenda jeshini tumezoea kumwombea, kumpa mkono, na kumwambia awe mtiifu. Tumfundishe na nusu ya pili. Tuketi naye siku moja, tusome Luka 3 na 1 Samweli 22, tumwulize, "Ukiamriwa hivi, utafanyaje?" Atakayeanza kulifikiri jambo hilo siku ya amri amechelewa. Yule aliyezoea kuandika 40 penye 34 amekwisha kufundisha mkono wake kutii uongo. Siku atakapoamriwa jambo la damu, mkono huo utakuwa umezoea.

Na akirudi akiwa amelemewa na mambo aliyoyatenda au kuyaona, tusimwambie, "Sahau, ulikuwa umetumwa." Kumwambia hivyo ni kumfungia mlango wa maungamo. Mtu asiyeruhusiwa kuiita dhambi yake dhambi, hawezi kusamehewa. Tumsikilize mpaka amalize, tena tumtangazie msamaha wa Kristo aliyekufa chini ya mikono ya askari waliokuwa wakitii amri, naye akawaombea.

Mwisho turudi kwa kijana wetu. Jioni ile ya pili, aliposema neno lake, tulitaka kujitetea. Tulitaka kusema ya kwamba tulikuwa na haraka, ya kwamba msiba ulitungoja. Ndipo tukamkumbuka Daudi mbele ya Abiathari. Tukamwambia, "Mwanangu, sisi nasi tulitia mkono katika kufungwa kwako. Ulituuliza njia, tukakuonyesha iliyo fupi. Utusamehe." Akalia, nasi tukalia. Hakukuwa na maneno mengi.

Sasa yeye ndiye aandikaye daftari la mavuno ya usharika wetu. Kila mwaka, siku ya shukrani, husimama mbele ya watu wote na kuyasoma kwa sauti magunia yaliyoletwa, moja moja. Wako wanaoona ya kwamba anachukua muda mrefu mno. Sisi hatumharakishi.

Maswali ya kuulizana katika mkutano

1. Yohana aliwaambia askari maneno matatu. Lipi katika hayo lavunjwa zaidi mahali petu, nalo lavunjwa na nani?

2. Walinzi wa Sauli walifanya nini vema? Ni nini ambacho hawakukifanya? Kama mngalikuwa katika mahali pao, mngaliweza kufanya nini?

3. Sauli na Daudi walitofautianaje walipoulizwa juu ya damu ya makuhani wa Nobu? Je, katika nyumba zetu, shule zetu na sharika zetu, hatia hutwikwa nani kwa kawaida?

4. Katika habari ya Uria, Yoabu alikuwa na nafasi gani ya kuzuia uovu? Taja nafasi kama hiyo uliyo nayo wewe katika kazi yako.

5. Kijana wa usharika wenu akija kuwauliza, "Dhambi ni yangu au ni yake?" mtamjibuje? Msijibu upesi. Mwambieni kwanza aketi.